Mali Bila Daftari: Filamu Zetu Zimekwenda Wapi?

Wahenga walinena kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Bila shaka walikuwa wakimsema mfanyabiashara, lakini leo nawaazima methali yao niwaseme watu wa filamu, na sisi watazamaji pamoja nao. Mali tulikuwa nayo, tena ya kutosha. Daftari ndilo hatukuwa nalo.

Ndugu msomaji, hebu fanya jaribio dogo. Toka uende dukani, popote ulipo, iwe Mwanza mjini, Sengerema, Geita au Kariakoo kwenyewe, uombe uuziwe filamu ya Girlfriend. Naitaja hiyo kwa sababu si filamu ya kichochoroni. Ilitoka mwaka 2003, mwongozaji alikuwa George Tyson, ndani yake wamo TID na Monalisa, na wengi huihesabu miongoni mwa zile zilizofungua soko la filamu za video za Kiswahili. Ukipata nakala safi, yenye jalada lake, inayocheza mwanzo mpaka mwisho bila kukwama, tafadhali niandikie. Nauli ya kuja kuitazama nitaitafuta mwenyewe.

Umeshindwa? Basi tafuta Shumileta ya Mussa Banzi, ile iliyowafanya watoto wa mtaa mzima waogope kutoka nje usiku. Nayo hakuna? Rudi nyuma zaidi. Ulizia Arusi ya Mariamu ya mwaka 1985, ya Nangayoma Ng'oge na Ron Mulvihill. Ulizia Fimbo ya Mnyonge, iliyotengenezwa na Kampuni ya Filamu Tanzania katika miaka ya ujamaa. Ulizia Maangamizi ya mwaka 2001, kazi ya Martin Mhando na Ron Mulvihill, yenye Amandina Lihamba ndani yake, filamu ya kwanza ya Tanzania kupelekwa kushindania Oscar katika kundi la filamu za lugha za kigeni. Ya kwanza! Muuzaji atakutazama juu mpaka chini, kisha atakuuliza, "Kaka, unataka ya Kikorea au ya Kihindi?"

Ugonjwa wenyewe ndio huo. Hoja yangu katika makala haya ni moja: filamu za Kiswahili za zamani hazikufa kwa sababu zilikuwa mbaya. Zimekufa kwa sababu ziliwekwa katika vyombo dhaifu na hakuna aliyepewa kazi ya kuzitunza. Na hasara hiyo inatuhusu sisi wenye kalamu kabla haijamhusu mwingine yeyote.

Shule yetu ya kibandani

Pengine mwenzangu utauliza, filamu zinaingiaje katika jarida la waandishi? Nitakujibu. Mimi ni kijana niliyeishia sekondari. Nina riwaya ninayoihangaikia, iko kwenye madaftari manne na bado haijapata mwisho. Sikukulia karibu na maktaba. Nilikulia Busisi, karibu na kibanda cha video, kile watu wanachokiita kibanda umiza kwa sababu ya mabenchi yake na joto lake. Wakati huo hapakuwa na daraja. Magari yalipanga foleni kusubiri kivuko kutoka Kigongo, na kivuko kikichelewa, abiria alikuwa na mambo matatu ya kuchagua: kula samaki, kusinzia au kutazama filamu. Wengi walifanya yote matatu. Wauzaji walipita dirishani mwa mabasi na mayai, karanga na CD. Tangu Juni 2025, daraja la kilometa tatu lilipozinduliwa, gari linakatiza ziwa kwa dakika chache, nasi tunashukuru, maana foleni ile haikuwa mchezo. Lakini pamoja na foleni limeondoka soko zima la watu wenye muda wa kupoteza.

Katika kibanda kile ndiko nilikojifunza mazungumzo. Katika vitabu tulivyosoma darasani, mtu akikasirika alitoa hotuba. Katika filamu alinyamaza, akaweka funguo mezani, akaingia chumbani. Nikaelewa kuwa hasira inaweza kuandikwa bila neno hasira. Nilimtazama Steven Kanumba, mzaliwa wa Shinyanga, jirani zetu kabisa, akilia na kugombana na kuomba radhi kwa Kiswahili ninachokisikia stendi. Kanumba alizaliwa mwaka 1984 na akafariki Aprili 2012 akiwa na miaka 28. Kabla ya hapo sikuwa najua kuwa mtu wa huku kwetu anaweza kuwa kiini cha kisa. Nilidhani visa ni vya watu wa mbali.

Wapo pia walimu ambao hawakutajwa kwenye jalada. Nawasema wale waliotafsiri filamu za kigeni kwa sauti zao, wakiongea juu ya picha: Lufufu, DJ Mark na waliowafuata. Hawakuwa wakifasiri neno kwa neno, la hasha. Walikuwa wakisimulia. Mzungu wa watu alipewa tabia za Manzese, jambazi wa Hong Kong akatukana kama kondakta. Ile ni sanaa ya masimulizi ya mdomo iliyoingia katika umeme. Sasa jiulize, sauti ile imehifadhiwa wapi? Studio ya Marekani au ya China haiwezi kuwa nayo. Ipo kwenye mikanda ileile ya mtaani, na mkanda ukifa, msimulizi naye amekufa mara ya pili.

Mkanda, chenga na ukungu

Tuje kwenye vyombo vyenyewe, maana hapa watu wengi hulaumu wachawi.

Filamu za video za mwanzo ziliuzwa katika mikanda ya VHS. Mkanda wa VHS ni utepe wa plastiki uliopakwa unga wa sumaku, na picha imo ndani ya unga huo. Kila ukinakili kutoka mkanda kwenda mkanda, picha inapungua ubora. Nakala ya kwanza unaona uso. Nakala ya tano unaona chenga, na uso unaukisia. Weka mkanda huo juu ya kabati katika nyumba ya kando ya ziwa, ambako unyevu hauishi, utaota ukungu mweupe kama mkate uliosahauliwa. Ukiuingiza kwenye deki, ama hedi inachafuka, ama deki inautafuna. Na deki yenyewe utaipata wapi? Funai ya Japani, kampuni ya mwisho kutengeneza deki za VHS, iliacha kazi hiyo Julai 2016. Kwa hiyo hata ukiwa na mkanda mzima, unamiliki kufuli lisilo na ufunguo.

Ikaja VCD, tukashangilia, kumbe tulikuwa tunabadilisha gereza. Diski ya VCD inabeba dakika 74 hivi, na picha yake ina nukta 352 kwa 288 tu. DVD kwa mfumo wetu ina nukta 720 kwa 576, yaani mara nne zaidi. Filamu nyingi za kipindi kile ziliuzwa kwa VCD, na zilipokuja kuhamishiwa DVD, aliyehamisha mara nyingi alichukua VCD ileile akaichapa upya. Ukimimina uji mwepesi katika sufuria kubwa hauwi ugali.

Halafu wakaingia wajanja wa ishirini kwa moja. Unakumbuka? Diski moja, filamu ishirini, jalada limejaa vichwa vya watu kama picha ya harusi. Kila filamu imebanwa mpaka imekosa pumzi. Mikwaruzo miwili tu, picha inaganda, inageuka vigae, sauti inatangulia mdomo. Baadaye tukahamia kwenye flashi na kadi za simu, na huko filamu ikabanwa tena ili iingie pamoja na nyimbo mia mbili.

Kuna jambo moja hapa ambalo lazima tulikiri, ingawa linauma. Nakala nyingi zilizobaki leo ni za maharamia. Yule mwizi aliyemnyima mtayarishaji mkate wake ndiye huyohuyo ambaye, bila kukusudia, amekuwa mtunza ghala. Watayarishaji wengi waliiuza filamu jumla kwa msambazaji, wakapokea fedha ya mara moja, wakaondoka bila mkanda mama. Msambazaji naye aliangalia mzigo mpya wa wiki. Filamu ya mwaka juzi ilikuwa kama gazeti la jana, ya kufungia vitumbua. Mwizi alibaki nayo kwa sababu kuna mtu aliyeiomba. Simsifu mwizi. Nasema tu kwamba nyumba ambayo mwizi ndiye anayejua vyombo viko wapi, mwenye nyumba ana la kujibu.

Sehemu ya kwanza na sehemu ya pili

Sasa tuingie kwenye uhakiki wenyewe, maana wapo washikaji wanaosema, "Acha zipotee, zilikuwa mbovu." Nimewasikia kijiweni, na wengine ni watu wa kalamu kabisa.

Ubovu wanaousema ni upi? Kwanza husema picha ilikuwa hafifu na sauti haisikiki. Nimekwisha kueleza kuwa walichokiona ni nakala ya nakala. Huwezi kumhukumu mwimbaji kwa kumsikiliza ukiwa nje ya ukuta. Kabla ya kusema mwongozaji hakujua kazi ya mwanga, tuoneshe kwanza alichokipiga.

Pili husema filamu zilikuwa ndefu bila sababu. Hapa wana haki, na hapa ndipo penye somo. Nani asiyekumbuka? Gari linafika getini. Honi. Mlinzi anatoka, anafungua bawa moja la geti, kisha la pili. Gari linaingia. Linapaki. Mtu anashuka, anafunga mlango, anarekebisha miwani. Anatembea mpaka barazani, anabisha hodi, dada wa kazi anafungua, anakaribishwa, anakaa, anaulizwa atakunywa nini. Juisi inaletwa. Baada ya dakika saba anasema, "Nilikuwa napita tu." Loh!

Lakini tusiishie kucheka. Mageti yale yaliletwa na biashara. Filamu ilitakiwa iuzwe kwa sehemu mbili, diski mbili, bei mbili. Kisa cha saa moja na nusu kilipaswa kijaze saa tatu. Msambazaji alitaka sehemu ya pili hata kama mtunzi hakuwa nayo. Mtunzi akafanya kama fundi aliyepewa kitambaa cha kaptula akaambiwa ashone kanzu: akaunga viraka. Magari, mageti, juisi na muziki wa kinanda ndivyo viraka vyenyewe.

Nilipata kukaa na filamu moja ya namna hiyo, nikiwa na kalamu, nikaandika kila tukio. Kisha nikafuta kila gari linalofika na kila geti linalofunguliwa. Nakuambia kweli, kilichobaki kilikuwa kisa kizuri. Kulikuwa na mama mkwe ambaye ubaya wake ulijengwa polepole, kwa mambo madogomadogo, kuliko waovu wengi wa riwaya zetu. Kulikuwa na mazungumzo ya jikoni ambayo ningetoa daftari langu moja zima ili niyaandike mimi. Chini ya viraka kulikuwa na kitambaa. Lakini ili ukione unahitaji filamu nzima mkononi, uisimamishe, uirudishe nyuma, uitazame tena. Uhakiki haufanywi kwa kumbukumbu za utotoni. Na filamu ambayo haipatikani inahukumiwa kwa uvumi, na uvumi siku zote hukumbuka geti, haukumbuki mama mkwe.

Kugawa filamu kumeleta balaa jingine. Diski mbili hupotea kila moja kwa njia yake. Nyumba nyingi zina sehemu ya kwanza bila ya pili. Mimi nimeshuhudia ndoa nyingi zikivunjika, na sijui kama walirudiana. Mtoto amelazwa hospitali, daktari anatoka akivua miwani, basi, tafuta sehemu ya pili! Utotoni mwisho nilijitungia mwenyewe usiku, na huenda ndiko nilikoanzia kazi hii ya kutunga. Hata hivyo mtunzi wa kwanza alikuwa na mwisho wake, na alistahili tuusikie.

Waliotupiga picha wao

Hapa niombe utulivu wako, msomaji, maana ndipo pazito.

Mwaka 1962 ilitoka filamu ya Marekani iitwayo Hatari!, ya Howard Hawks, akiigiza John Wayne. Ilipigwa hapa kwetu, Tanganyika, upande wa Arusha. Ni kisa cha wazungu wanaokamata wanyama kwa ajili ya bustani za wanyama. Waafrika wamo, lakini wamo kama miti ilivyomo. Filamu hiyo ina zaidi ya miaka 60, na leo DVD yake safi inauzwa, rangi zinang'aa, sauti kama jana. Twiga wa mwaka 1962 anaonekana vizuri kuliko Monalisa wa mwaka 2003.

Ya pili inatugusa sisi wa ziwa zaidi. Mwaka 2004 Hubert Sauper, raia wa Austria, alitoa filamu yake ya Darwin's Nightmare, aliyoipiga Mwanza. Sisi tunaifahamu kama filamu ya mapanki. Inahusu sangara, minofu inayopakiwa kwenye ndege kwenda Ulaya, na mifupa na vichwa, yaani mapanki, vinavyobaki kwetu. Inadokeza kuwa ndege hizo huleta silaha. Ilishinda tuzo ya César nchini Ufaransa na ikateuliwa kushindania Oscar mwaka 2006. Mwaka huohuo Rais Jakaya Kikwete aliikemea hadharani, na Mwanza watu wakaandamana kuipinga.

Waandamanaji wale, ni wangapi walikuwa wameiona? Sitaki kumdhihaki mtu. Dukani haikuwapo, na mpaka leo hapa Busisi sijakutana na aliyeitazama nzima. Mimi nimeitazama kwa nakala ya flashi, nami nina ugomvi nayo. Suala la silaha inalizungukazunguka kwa maswali kwa rubani huyu na mlinzi yule, kisha inamwachia mtazamaji ajaze mwenyewe, kana kwamba kudokeza ni kuthibitisha. Uvuvi inauona kama laana tupu. Baba aliyejenga nyumba na kusomesha kwa sangara simwoni. Lakini siwezi pia kusema ni uongo mtupu. Yule mwanamke anayeimba wimbo wa kuisifu Tanzania akiwa kati ya marubani wageni hanitoki kichwani, na mapanki nimeyanusa kwa pua yangu. Filamu ya namna hiyo inastahili kujibiwa. Na filamu hujibiwa kwa filamu, au kwa uhakiki wa mtu aliyeitazama. Maandamano hayawekwi kwenye DVD.

Unaona tulipofikia? Picha mbili za nchi yetu zilizotunzwa vyema ni za wageni: moja ya twiga, nyingine ya mapanki. Zile tulizojipiga wenyewe, za mama wakwe na wapangaji na mapenzi ya daladala, zinaota ukungu juu ya makabati. Mjukuu akitaka kujua babu zake walicheka vipi mwaka 2003, atamkuta mgeni ndiye shahidi wa pekee. Sisemi mgeni asitupige picha. Nasema kesi yenye shahidi mmoja haijasikilizwa.

Karatasi husubiri

Tuvuke ziwa kidogo, twende Ukerewe. Huko alikuwapo mzee Aniceti Kitereza. Mwaka 1945 alimaliza kuandika, kwa Kikerewe, kisa cha Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka. Hakupata mchapaji. Muswada ukakaa. Mwenyewe akautafsiri kwa Kiswahili, ukaendelea kukaa. Kitabu kikachapwa na Tanzania Publishing House mwaka 1980, naye mzee akafariki mwaka uliofuata. Miaka 35 ya kusubiri! Ni habari ya kusikitisha, lakini itazame kwa upande wa pili: karatasi ilisubiri. Ilivumilia, na siku ilipofunguliwa maneno yote yalikuwapo.

Mwingine wa Ukerewe, Euphrase Kezilahabi, alitoa Rosa Mistika mwaka 1971. Ilipigwa vita, ikakataliwa mashuleni, lakini leo ukitoka na nia ya kuitafuta utaipata. Marufuku haikuiua kwa sababu nakala zilikuwa majumbani mwa watu, na kitabu hakihitaji deki.

Mkanda hausubiri miaka 35. Kama Kitereza angekuwa mtayarishaji wa filamu mwaka 2003, hesabu mwenyewe: muswada wake ungefunguliwa mwaka 2038, na ndani kungekuwa na chenga tupu. Ndiyo sababu nasema hili ni jambo la haraka. Vitabu vyetu vinaweza kutusamehe uzembe wa kizazi kimoja. Filamu haina msamaha huo.

Wenzetu wameliona. Mwaka 2017 taasisi ya Martin Scorsese, ikishirikiana na UNESCO na shirikisho la watengenezaji filamu wa Afrika, ilianzisha mradi wa kukarabati filamu 50 za bara hili. Kazi kama Soleil Ô ya Med Hondo na Sambizanga ya Sarah Maldoror zimesafishwa, zimetolewa upya. Ni jambo la kushukuru. Lakini filamu hizo zilipigwa kwa utepe wa sinema, ambao ukitunzwa kwenye baridi hudumu miaka mingi. Filamu zetu za video hazimo katika hesabu za wakubwa hao. Hakuna mjomba atakayekuja na ndege kuokoa VCD ya sehemu ya pili.

"Si zipo YouTube?"

Najua jibu lililo mdomoni mwako. Ndiyo, nyingine zipo. Mtu kapandisha sehemu ya kwanza, kaikata vipande vinne, kabandika nembo yake katikati ya uso wa mwigizaji, na pale penye wimbo kazima sauti asije akafungiwa. Majina ya waliotengeneza yamekatwa ili video ianze haraka. Kesho akaunti ikifutwa, vyote vinaondoka. Huko ni kuanika. Kuhifadhi ni kazi nyingine.

Na hizi za kisasa tusijidanganye. Binti ya Seko Shamte, iliyotoka mwaka 2021, ilifika Netflix, tukapiga vigelegele, na ilistahili. Mwaka huohuo Amil Shivji alitoa Vuta N'kuvute, kutoka riwaya ya Adam Shafi ya mwaka 1999, ikatwaa tuzo kuu ya tamasha la Carthage. Lakini filamu iliyoko kwenye jukwaa la mtandao haiko kwako. Mkataba ukiisha inashushwa, na aliyekuwa akilipia kila mwezi hana hata jalada la kukumbukia. Riwaya ya Vuta N'kuvute ninayo. Filamu yake siwezi kusema ninayo.

Tufanye nini?

Kulalamika bila kupendekeza ni kazi ya wazee wa bao. Mimi nina machache.

Kwanza, serikali. Sheria ya filamu na michezo ya kuigiza ya mwaka 1976 inataka filamu ikaguliwe kabla ya kuonyeshwa. Vizuri. Sasa ikishakaguliwa, nakala moja bora, isiyobanwa, ibaki mahali penye baridi na umeme wa uhakika, kama nakala za vitabu zinavyopelekwa Maktaba ya Taifa. Kukagua tu bila kutunza ni kama mlinzi anayeandika namba ya kila gari linaloingia na kuiacha nyumba iungue.

Pili, watayarishaji. Wengine wenu mngali hai, na mikanda mama imo masandukuni chini ya vitanda vyenu. Ihamisheni mwaka huu, kabla ya masika mengine. Na kwenye mkataba mpya, uza haki ya kusambaza kwa miaka fulani, usiuze mtoto pamoja na cheti chake cha kuzaliwa.

Tatu, wewe na mimi. Nyumbani kwenu kuna boksi la mikanda na CD ambalo mama anataka kulichoma. Mwombe asubiri. Andika jina la filamu, mwaka, mwongozaji, waigizaji, na kama ni sehemu ya kwanza au ya pili. Usiuze nakala, hiyo si mali yako. Sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999 ipo na ina meno. Lakini kuandika orodha hakumwibii mtu. Anayeimiliki filamu akijitokeza kuitafuta, ajue iko kwa nani.

Nne, jarida hili. Naomba wahariri watenge ukurasa mmoja katika kila toleo. Mwandishi mmoja, filamu moja ya zamani, aitazame kwa kalamu mkononi: kisa kinakwendaje, nani anasema nini, wapi kuna kitambaa na wapi kuna kiraka. Asisifu tu, wala asitukane tu. Siku mkanda utakapokufa, na mingi itakufa, walau karatasi itakuwa imeshika kitu, na karatasi tumeona inavyosubiri.

Ukurasa wa kwanza nipeni mimi. Ninayo sehemu ya kwanza ya filamu moja, na mwenye sehemu ya pili ajitokeze.